Velositi ya Obadia

Zamani mtu akikutana na mkubwa njiani alishuka kwenye baiskeli akaamkia. Siku hizi anapiga honi, mkubwa anabaki na vumbi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kero ya Obadia, mzee wa Ruponda aliyeishia darasa la saba, na mengine yote akajifundisha mwenyewe kwa vitabu visivyo na majalada. Kwa miaka kumi na tisa alibeba kwa baiskeli makohozi ya wagonjwa wa kifua, kutoka zahanati ya kijiji hadi maabara ya kituo kikubwa cha afya. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya ajione bado ni mtu. Sasa Nurdini, kijana wa bodaboda, alikuwa anaitaka.

"Babu, chuma hii inagonga sabini," Nurdini alitamba. "Baiskeli yako inashindana na kobe."

"Sabini ni ya mshale wa spidi," akajibu Obadia. "Na mshale, mjukuu wangu, haubebi makohozi."

Muuguzi Albina akachoshwa na kelele zao. Akampa kila mmoja kasha, akatazama saa. "Atakayetangulia maabara, kazi ni yake."

Nurdini akashika barabara inayouzunguka mlima, kilomita kumi na nane. Obadia akakata katikati ya mikorosho, kilomita kumi na mbili, akashuka mara nne kuamkia watu. Alitumia muda wa saa moja kamili. Nurdini akaja robo saa baadaye.

Obadia akaokota kijiti, akaandika mchangani mbele ya watu wa maabara.

"Kilomita kumi na nane kwa saa moja na robo: spidi yako ya wastani ni kumi na nne na ushee. Yangu kumi na mbili. Umenizidi!"

"Si nilisema?"

"Ngoja. Kwenye ramani, ukivuta mstari ulionyooka kutoka zahanati hadi hapa, ni kilomita kumi, upande wa kusini. Velositi inauliza hilo tu: umesogea kiasi gani kutoka ulipoanzia, kuelekea wapi, kwa muda gani. Mimi kumi kwa saa. Wewe nane. Mizunguko yako ya mlimani haihesabiwi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na ile sabini uliipeleka wapi?"

Nurdini akainamisha kichwa. "Nilikutana na mama mkwe, babu. Nikazima pikipiki, nikachutama kando hadi apite. Naye akakutana na shoga yake. Wakapiga soga dakika arobaini na tano."

"Ukachutama muda wote huo?"

"Ningefanyaje? Mkwe!"

Obadia akaacha kucheka. Miaka yote alikuwa akiapa kwamba adabu hiyo ilizikwa pamoja na babu zake. Ushindi ukampungukia utamu. Akarudi kumwambia Albina kwamba kiangazi ataenda yeye, lakini masika, njia ya mkato inapojaa maji, aende Nurdini. Albina akakubali.

Wakafanya hivyo misimu mitatu. Mara ya mwisho Obadia alipowaona, Nurdini na mkewe Hajra walikuwa wanahamia Ruangwa, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki. Nurdini alimshika mikono yote miwili. Obadia alikuwa ameandaa maneno makali kuhusu vijana wanaokimbia kwao. Yote yakampotea, akawaambia tu waende polepole.