Dumu la Maji Vuguvugu

Yule nesi wa zahanati ya kule Marambo, mama mnene wa sweta ya kijani, hakuyaamini maji kwa macho. Alichovya kiwiko kwanza, midomo ikihesabu, kisha hesabu akaiandika kiganjani kwa kalamu. Asubuhi moja ya baridi ya Juni, mwaka tisini na nane, mjukuu wa Bi Mwamina alizaliwa njiti, kabla ya siku zake, nyayo baridi kama chura. Bibi akaleta chupa ya nusu lita ya maji ya moto sana, akamkuta nesi na dumu.

“Dumu zima la vuguvugu, mwanangu? Kwani kuna mwali wa kuoga hapa?”

Nesi akacheka, akamwonyesha kiganja. “Bibi, nusu lita yako ikipoa nyuzi hamsini, inatoa vipimo ishirini na tano vya joto. Lita tano zikipoa nyuzi kumi tu, zinatoa hamsini. Mara mbili, na hazimuunguzi.”

Hesabu bibi hakuijua, ila mkono ule aliuamini. Dumu likaviringishwa kanga, likalazwa ubavuni mwa mtoto. Nesi akawa anapita, anashika unyayo, anaguna, anabadili maji. Adhuhuri aliukuta una joto, akaushika tena.

“Haya,” akasema, “mtafutieni jina.”