Waya Unaoingia Moyoni: Niliyoyauliza Mikumi

Safari hii ilinigharimu magunia mawili ya maharage na siku nne za soko. Nimehesabu mara mbili, hayapungui. Nilikwenda kwa sababu moyo wangu siku hizi unakimbia bila kunishauri. Mwezi uliopita ulikimbia nikishuka mlima wa Vidunda na mzigo. Nilizinduka kando ya njia, akina mama wakinipepea kwa kanga. Na Vidunda ndiko ninakonunua maharage. Nisipopanda, nyumbani hatuli.

Alfajiri, Kilosa. Mke wangu, Mama Rehema, alinipa maswali kwenye karatasi ya daftari. Anatujua watu wa kwetu: mbele ya daktari tunaitikia "ndiyo, ndiyo", maswali tunayakumbuka tukifika nyumbani.

"Ukirudi na ndiyo tupu, utalala jikoni," aliniaga.

Saa nne, njiani, kijiji kiitwacho Ulaya. Lori la mahindi nililopanda lilipata pancha. Dereva alinitazama nilivyojishika kifua.

"Mzee, ukizimia humu nauli hairudi."

"Nikizimia kabla ya Mikumi, utarudisha nusu."

Saa nane, hospitalini Mikumi. Daktari wa moyo, aliyekuja kwa wiki moja kutoka Dar, alikuwa dada wa umri wa binti yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

Alinieleza kwamba moyoni mwangu huenda mna njia ya ziada ya umeme. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, ukachoma hapo padogo panapoleta fujo. Tiba hii kwetu bado ni changa; wagonjwa wengi huenda India.

"Na hatari zake?"

"Kuvuja damu pajani. Mara chache, moyo kutoboka au kiharusi. Na njia nzuri ya umeme ikiungua, utawekewa kifaa cha kuusaidia moyo kupiga."

"Punguza basi, daktari. Toa hata kiharusi."

Alicheka mpaka nesi akachungulia. "Hizi hazina mapatano. Ila nyingine tunazipunguza ukisema kweli. Unatumia dawa gani?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema hakuna. Nikamtajia mizizi ninayochemsha, na vikombe sita vya kahawa kila siku. Akaandika vyote.

"Mizizi acha, kahawa punguza. Nakupa vidonge. Vidonge vinatuliza, waya mara nyingi unaponya, ingawa wengine ugonjwa huwarudia."

"Nitakuwa macho wakichoma?"

"Huenda. Watauchokoza moyo wenyewe ukimbie, waone unapopotelea."

Siku ya nne nilirudi Kilosa; sasa wiki mbili zimepita. Nimejifunza kwamba daktari hachukii kuulizwa, anachukia kufichwa. Tangu nirudi nimepanda Vidunda mara mbili, kwa mwendo wa kinyonga, na sikuanguka. Barua ya rufaa ya kwenda India nitaandikiwa nikiitaka. Mama Rehema anasema niende.

Nami naelekea kukubali. Lakini katika maisha yangu sijanunua kitu kwa kumsikiliza muuzaji peke yake, hata akiwa mwaminifu. Basi wewe uliyewahi kulala juu ya meza ya kuchomwa kwa waya huo, niandikie: walipouchokoza moyo wako ukakimbia, ulishikilia nini?