Mawe Yaliyokosa Kivuli

Alfajiri, kijiko kinagonga kikombe jikoni. Mke anakoroga chai taratibu, watoto wasije wakaamka.

"Inuka basi. Mke mwenzangu anakungoja kilimani."

Mumewe anatabasamu kwa shida. Mtaani wanamwita Mchumba wa Mawe. Kazi yake ni kuchunguza picha za satelaiti, kutafuta maduara ya mawe yaliyojengwa na watu wa kale, kisha kuyafuata kwa miguu na kuyatia kwenye ramani. Ni kibarua, asipotembea, halipwi.

Leo hatafuti kitu. Anakwenda kuaga.

Mwaka jana alipewa picha ya kilima hiki, iliyopigwa saa sita mchana. Kutoka juu, ukuta mfupi hujulikana kwa kivuli chake, na jua la utosini halina kivuli. Aliona ardhi tupu. Mvua ilikuwa imekata njia, hakwenda kuhakikisha. Akaandika: hakuna kitu. Kwa neno hilo, kilima kikapewa wavunja kokoto.

"Yalikuwa maduara kumi na moja," anajisemea kilimani, akinyoosha kamba ya kupimia. "Limebaki hili. Mashine ni mkono tu, aliyeyaua ni mimi."

Alikwenda ofisini kuomba wasimamishe. Wakamwambia kibali kimeshatoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Dereva wa mashine anafika, anamkuta amepiga magoti. Hawashi injini. Anakaa chini na kujikunyata ndani ya koti lake.

"Maliza, kaka. Bosi akiuliza, mafuta yamechelewa."

Mchumba wa Mawe anapima jiwe la mwisho, anakunja kamba. Ameomba vilima vilivyobaki vipigwe picha asubuhi, vivuli vikiwa virefu, kabla mtu hajaandika lolote. Bado hajajibiwa.

Chini ya kilima anaishi bibi mmoja, peke yake. Anampokea kwa kikombe cha maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuta zile nimeanikia nguo tangu nilipoolewa. Ungepita mwaka jana, ningekuonyesha."

Juu yao injini inanguruma, kisha mawe yanaanza kuporomoka. Bibi anangoja kelele ipungue.

"Uje tena."

"Nije kutazama nini, bibi? Mawe ndiyo hayo yanakwisha."

"Uje kunitazama mimi."