Gundi Kwenye Ala ya Mzee Nestor

Nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka. Kazi yangu hapa mtaani Doonside, ughaibuni, ni kumhudumia Mzee Nestor, Mfilipino asiyeona vizuri. Ukutani ametundika panga la babu yake, ndani ya ala ya mbao iliyofungwa kwa kamba za henzirani, zile za kusukia viti.

Kiherehere changu kikaniambia kamba zina vumbi, nizioshe. Nilipozifungua tu, ala ikaachana vipande viwili. Jamani, nimevunja urithi wa watu! Nikaigandisha kwa gundi, panga likiwa ndani, kamba nikazificha kwenye mkoba. Wiki nzima nililala nikiona kibarua kinaota nyasi.

Jana mzee akataka kulipaka panga mafuta. Akavuta, likagoma. Akapapasa ala, kidole kikasimama kwenye gundi.

"Neema?"

Nikakiri yote huku nalia.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ala zetu ni vipande viwili makusudi, zifunguliwe zisafishwe! Hukuivunja. Umeiharibu ulipoitengeneza."

Akachomeka kisu cha siagi, gundi ikaachia. Nikashusha pumzi ya wiki nzima.

"Haya, kamba zangu ziko wapi?"

Nikafungua mkoba.