Nilipowashtaki Wanafunzi wa Kemia

Mimi hufagia katika chuo kimoja hapa Rongo. Juzi niliwaona wanafunzi wa kemia katika mtihani, wamekaa wanne wanne, wakibishana kuhusu majibu. Shuleni kwetu, kumtazama jirani tu kulitosha kuchapwa. Nikamkimbilia mhadhiri, aliyekuwa nje na simu.

"Daktari, wanaibiana mtihani!"

Akaingia nami, akawaambia nilivyosema. Darasa zima likacheka.

"Dada, kwanza kila mtu alifanya peke yake," akanieleza. "Sasa wanaurudia pamoja, ili wafundishane."

Kijana mmoja akavuta kiti. "Sista, kuja basi utusaidie namba nne!"

Uso uliniwaka. Nilimkumbuka Akinyi, rafiki yangu wa darasa la nane, aliyeketi kando yangu katika mtihani, akijua hesabu zote nilizofeli. Wakiendelea kucheka, nilishika ufagio wangu na kukitamani kile kiti.