Mtia Dawa wa Josho

Siku za Jumatano, barabara ya udongo inayotoka Nyansiongo kuelekea mashamba ya chai haina tena kelele za kwato. Hakuna ng'ombe wanaosukumana, wala mtu anayepiga mbinja na kuwaita kwa majina. Kwa miaka ishirini na mitatu mbinja hizo zilikuwa za Jethro Omosa, mtia dawa wa josho, mtaro wa kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe.

Aliijua kazi yake. Alipima dawa kwa kopo, akaikoroga kwa mti mrefu mpaka maji ya mtaro yakawa meupe kama maziwa. Kisha ng'ombe wa watu wakaruka mmoja mmoja, wakaogelea, wakatokea upande wa pili wakitiririka. Wafugaji walipoanza kununua mabomba ya mgongoni na kunyunyizia mifugo yao nyumbani, josho likafa taratibu. Kikundi cha wafugaji waliomiliki josho kilipovunjwa, wanachama walimpa Jethro ile robo eka ya josho kuwa asante yao, hati ikatoka kwa jina lake.

Hakuwa na ardhi nyingine. Shamba la baba yake kule Magwagwa lilikuwa limegawanywa kwa ndugu sita, fungu lake likabaki mstari mmoja wa migomba. Na mwanamume wa Kigusii asiye na nyumba yake, siku akifa, hata pa kuchimba kaburi huwa mjadala.

Manispaa ilipopanua mpaka wake, udongo wa josho ukapimwa, ukakutwa na kemikali, na Jethro akakatazwa kuweka msingi wa nyumba. Halafu, mwaka jana, likaja tangazo kanisani baada ya ibada ya Sabato: mwenye ardhi iliyoharibiwa na kemikali atasaidiwa. Manispaa ingeuondoa udongo mbaya, ingemsamehe kodi ya ardhi kwa miaka kumi, na ingempa kibali cha kujenga. Kilichotakiwa ni kujaza fomu.

Jethro aliijaza akiwa amevaa miwani ya mkewe, Drusilla.

"Hapa wanauliza ni nani aliweka kemikali."

"Si uandike kikundi, Baba Gesare?"

"Kikundi kilikuwa kinakaa kivulini kinakunywa chai. Aliyetia dawa ni mimi."

Drusilla akacheka. "Basi andika, hata manispaa wajue kupe wa Borabu walivyokuogopa."

Akaandika kwa herufi kubwa: MIMI MWENYEWE, JETHRO OMOSA, KILA JUMATANO, SIKUKOSA.

Baada ya miezi mitatu aliitwa ofisini. Karani, msichana aliyeitwa Marion, aliitazama ile karatasi.

"Mzee, msaada huu ni wa waliokuta sumu kwenye ardhi. Aliyeiweka anapaswa kuisafisha mwenyewe."

"Sumu gani, binti yangu? Mimi sijawahi kutia sumu. Nilitia dawa."

"Kwetu hapa ni kitu kimoja."

"Si kimoja! Dawa inaponya. Waulize ng'ombe wa babu yako."

"Babu alikuwa anawaleta kwako," Marion alisema polepole. "Alikuwa anakusifu."

Nje mtu alikuwa akigombana na bawabu.

"Basi nipe fomu nyingine. Nitaandika kikundi."

"Ulishaweka sahihi, mzee. Ukiandika lingine sasa, watauliza ulidanganya wapi. Na kikundi chenyewe hakipo. Hakuna wa kuitwa."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

Marion alifungua kijitabu cha sheria ndogo za manispaa, akapitia kurasa zake kwa kidole, akakifunga. Akamwandikia kwenye kikaratasi namna ya kukata rufaa. Angekuwa na kiburi, Jethro angeweza kumkasirikia.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Drusilla alipoelezwa, alivua leso kichwani, akaikunja, akaikunjua. "Na mimi nikacheka," alisema. Jethro akamwambia si kosa lake. Hakumtaja mwenye kosa, kwa sababu kila alipotafuta alijiona mwenyewe, kijana, amesimama kando ya mtaro na kopo mkononi, akifanya kazi nzuri.

Rufaa ilihitaji barua ya mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti alizikwa zamani.

Jethro sasa ana miaka sabini na mmoja. Yeye na Drusilla wanaishi katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la mbolea, sokoni Nyansiongo.