Dereva na Kiti cha Mbele

Kuna dereva kijana ambaye leseni yake mpya ya magari makubwa huivaa shingoni kama rozari, na akija kunywa chai kibandani kwangu, hapa Katoro, huifuta kwa kiganja. Kazi zilimjia mbili: basi la Kahama, au lori la kubeba mawe ya dhahabu Rwamgasa. Basi lilikuwa na mshahara mnono, ila alilitafutia kasoro, mara tairi, mara honi. Tulijua tu. Mama mkwe wake hulipanda kila siku ya gulio, na kwetu Wasukuma mwanamume hakai karibu na mama mkwe. Akachagua lori. Jana, safari ya kwanza, bibi huyo akalisimamisha hapa hapa: “Baba, nisogeze!” Akapanda mbele bila kumtazama aliyeshika usukani. Dereva akashuka kwa heshima, akainamisha kichwa, injini ikinguruma. “Haya,” mama mkwe akauliza dirishani, “dereva yuko wapi?”